Migongo Myekundu

Kwanza niseme wazi: kujizungusha kwa mgongo juu ya murram, ile changarawe nyekundu ya barabarani, ni ujinga, na sisi tulikuwa wajinga kwa miezi mingi. Machakos ni mji wa mawe. Ukitaka kujenga nyumba utayasifu mawe yetu, lakini jaribu kulala chali, ukunje magoti kifuani, ujizungushe kama pia, halafu uniambie. Watoto walikuwa wamechubuka viwiko, mabega, hadi mahali ambapo sitataja. Na bado kila Jumamosi walinifuata nyuma ya soko wakipiga kelele, "Ticha, leo tunazunguka?" Tunazunguka wapi na damu inatoka?

Hilo jina la ticha sikulistahili hata kidogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kufichwa chini ya godoro, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kuuza mboga. Kitu pekee nilichojua ni hip-hop. Niliipata kwa binamu yangu Nairobi, ambaye kwao kulikuwa na televisheni na deki ya video. Nilikaa kwao likizo nzima nikirudisha kanda nyuma mpaka shangazi akaificha rimoti. Nikarudi nyumbani nimevaa suruali ya mitumba pana ajabu. Mama alinitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Na huyo mwingine mnayevaa naye yuko wapi?"

Watoto wenyewe sikuwaita. Walitoka kwenye vijumba vya mabati nyuma ya soko, wale watoto ambao siku ya soko wanabeba mizigo ya watu na kuokota makaa yaliyomwagika, na mtu mzima hawasemeshi ila kuwaambia toka hapa. Nilikuwa nafanya mazoezi peke yangu, nikidhani hakuna anayeniona. Nikainua kichwa, ukuta wote umejaa vichwa vinavyocheka. Nikakasirika! Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu Machakos anajua. Nikawaambia, "Haya, nyinyi mnaojua sana, shukeni mfanye!" Wakashuka. Wakafanya. Ngai! Labda ni damu, maana Wakamba tumejirusha hewani kwenye ngoma zetu tangu zamani, na suruali pana isingetuzuia.

Muziki ulitoka kwenye redio kaseti ya mama. Betri zikiisha nguvu, watoto walizipanga juu ya bati zipigwe jua, na mmoja alikaa hapo kuzilinda utadhani ni mayai. Zikipata moto kidogo, tunacheza wimbo mmoja na nusu. Ile nusu ilikuwa inaimbwa na mtu mwenye usingizi.

Tatizo letu kubwa mwanzoni lilikuwa kusukumana. Kwenye hip-hop mnasimama duara, mmoja anaingia katikati, anaonyesha yake, anatoka, anaingia mwingine. Hawa wangu waliingia wanne kwa mpigo, wakatoka na nundu. Wakubwa waliwatoa wadogo kwa kuwavuta masikio, na wasichana hawakupata nafasi kabisa. Siku moja nikapandwa na hasira, nikazima redio nikaweka sheria. Aliye ndani ya duara hasukumwi, hakatizwi, wala hatolewi. Akitaka kucheza anacheza, akitaka kusema anasema, na sisi tunanyamaza. Ukitaka kumjibu, unaingia, unacheza kwanza, ndipo unafungua mdomo. Yeye naye anakupisha.

Sikujua kama wataipenda hivyo. Waliishika kuliko amri za Musa. Hawa walikuwa watoto ambao hawajawahi kusikilizwa na mtu hadi mwisho wa sentensi, na sasa palikuwa na mahali, hata kama ni vumbi tupu, ambapo ukisimama mji mzima unanyamaza. Kijana mmoja mdogo aliingia, akacheza vibaya sana, kisha akatangaza kwamba yeye hapendi muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na anakula tu kwa sababu hakuna kingine. Tukamsikiliza. Akatoka kifua mbele, ameridhika.

Sasa, sakafu. Barabara ya juu ya soko kulikuwa na duka la masufuria na mablanketi, na mbele yake veranda ya simenti iliyopakwa polishi nyekundu hadi unaona meno yako. Mwenye duka alikuwa mama kutoka mkoa wa Kati, mtu wa kanisa, mfanyabiashara kwelikweli, asiyecheka kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumamosi alasiri alifunga aende mkutano wa akina mama kanisani. Mnaona mahali ambapo akili yangu ilikwenda.

Tulicheza pale Jumamosi moja na ilikuwa raha isiyo na kifani. Mgongo ulikuwa unateleza! Watoto walizunguka wakicheka, wakipita mlango wa duka, wakarudi. Hatukusikia mkutano ukiisha. Mama wa duka alitokea na mwavuli wake, akaingia katikati moja kwa moja akipiga kelele, "Nani amewaambia hii ni uwanja?" Kisha yule asiyependa muthokoi akainua kidole, kwa heshima zote, akamwambia, "Mama, ingia ucheze kwanza."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kueleza sheria yetu, maneno yanagongana mdomoni, na kila nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama matusi. Yeye akanikazia macho. Akayatazama matambara ya watoto. Halafu, nawaapia, akapiga mwavuli chini mara mbili na kukata kiuno kidogo, kidogo sana, cha mtu wa kanisa. "Nimecheza," akasema. "Sasa nisikilizeni. Sakafu hii nasugua mimi mwenyewe kwa mikono na magoti yananiuma. Mkitaka kuitumia, mnasugua nyinyi." Watoto walipiga mayowe mpaka mbwa wakaitikia.

Basi kila Jumamosi tukawa tunafunga vipande vya blanketi miguuni na kuteleza huku na huku tukisugua polishi, tukiitikiana mistari ya nyimbo, kwa hiyo kusugua kukawa sehemu ya densi. Kosa letu lilikuwa la pupa. Polishi ile inahitaji kuachwa ikauke. Sisi nani wa kungoja? Mara ya kwanza tuliipaka nyingi, tukalala chali papo hapo.

Jumatatu shuleni, mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride, akaona. Migongo myekundu kila darasa. Akawaita wote mbele, wakageuka, na shule nzima ikaangua kicheko. Elimu ilikuwa ndiyo tu imekuwa ya bure miaka hiyo, madarasa yamefurika, na huyu bwana alikuwa hajui nusu ya watoto wake. Kuanzia siku ile aliwajua. Aliuliza kila mmoja amefanyaje, na walimwonyesha, pale pale kwenye gwaride, mmoja baada ya mwingine. Waliadhibiwa kufagia uwanja. Waliniambia ilikuwa siku nzuri kuliko zote za shule.

Akina mama wao hawakuiona nzuri hata kidogo. Walikuja kwetu na nguo mikononi, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa susu mmoja, bibi mfupi aliyebeba kyondo cha mkonge ambacho bado anakisuka, sindano imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Alinikunjulia gauni la shule la mjukuu wake mbele ya macho. "Ni wewe ticha wa kugaragaza watoto?"

"Ni mimi, Susu."

"Unajua ana gauni ngapi? Hili. Na lingine ni hili."

Mjukuu mwenyewe alisimama nyuma yake, msichana mwembamba wa darasa la sita mwenye pengo mbele, akinikonyeza. Alikuwa ndiye mchezaji wangu bora. Mamake alikuwa amefariki, na susu ndiye aliyemlea kwa kusuka vyondo na kufulia watu nguo. Nilidhani susu amekuja kumtoa. Alisema jambo baya zaidi, tena kwa sauti ya chini. "Huyu ni wa kwenda. Mama yake mdogo huko Athi River ana mimba. Akijifungua na likizo yake ikiisha, huyu anaenda kumlelea mtoto. Tumeshaongea. Kwa hiyo usimfundishe vitu ambavyo atavilia."

Nikamuuliza na shule je. Susu akasema wamesema atasoma huko huko akizoea. Tuliangaliana. Sote wawili tulijua wasichana walioenda kulea mtoto wa ndugu na kusoma huko huko wakizoea. Tungeweza kuwataja, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyewahi kuzoea.

Hasira ilinishika, lakini kwa nani? Susu alikuwa na miaka yake, na macho yaliyoanza kukataa uzi. Hakurudi tena kugombana. Alirudi kila Jumamosi kulinda gauni, ndivyo alivyosema. Aliketi juu ya debe pembeni ya veranda, anasuka, na polishi ikipakwa alitoa amri, "Ngojeni ikauke! Nimesema ngojeni!" Watoto walimwogopa kuliko polisi. Mgongo mwekundu ukaisha mjini kwa sababu yake.

Na yule mwenye pengo, jamani. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa anacheza akiwa amefunika mdomo, kwa ajili ya pengo. Huwezi kujizungusha ukiwa umefunika mdomo, mkono unahitajika. Akaamua kuacha mdomo wazi, na akishaacha hakuufunga tena. Aliwafundisha wadogo kwa makofi na "haya, tena, tena, goti liko wapi?" Mara susu akaitwa shuleni. Mjukuu wake alikuwa amesimama darasani wakati wa hesabu akamwambia mwalimu, "Mimi sijaelewa, rudia tafadhali." Mwalimu akarudia. Akasimama tena, "Bado." Susu alituhadithia pale veranda akilalamika juu ya watoto wa siku hizi wasio na haya, na alipofika kwenye ile "bado" alicheka mpaka akadondosha sindano, tukaitafuta sote kwa magoti.

Tulikuwa na furaha ya wendawazimu, nikubali. Lakini kila susu alipotaja kwamba mtoto wa Athi River amezaliwa, kwamba anakaa vizuri, kwamba sasa ana meno, nilianza kuhesabu wiki zilizobaki. Msichana alisikia pia. Alizidi kucheza tu.

Mama mdogo alikuja Jumamosi. Ilikuwa muhula umefungwa, na sisi tulikuwa veranda. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia na nikashindwa. Alikuwa msichana tu, hanizidi mimi miaka mingi, amevaa suti yake nzuri ya kanisani, mtoto mgongoni, macho yameingia ndani. Alishona nguo katika kiwanda, anatoka nyumbani kabla ya jua, na wasichana wa kazi aliowaweka tangu likizo yake iishe wamemkimbia kila mmoja. Alimsalimia mamake kwa mikono miwili. Akatusalimia sote. Begi la mjukuu lilikuwa tayari karibu na debe la susu, limefungwa kwa kamba.

"Haya twende," akamwambia yule msichana kwa upole. "Gari linajaza pale steji."

Msichana aliangalia begi. Akaangalia susu. Kisha akageuka, akaingia kwenye duara.

Watoto walielewa kabla yangu. Duara likafunga, mtu akaongeza sauti ya redio. Na alicheza, loo! Alicheza kila kitu nilichomfundisha na vingine ambavyo sivijui hadi leo. Alikwenda chini, akazunguka kwa mgongo, miguu hewani, akaja juu, akashuka tena. Wapita njia walisimama na mizigo kichwani. Mama wa duka alitoka, siku hiyo hakwenda mkutano, akaanza kupiga makofi na akashangaa mwenyewe. Sisi tulikuwa tunapiga kelele mpaka koo zinauma, na mimi nilikuwa nalia na kucheka, sijui lipi lilianza.

"Mtoeni," mama mdogo akasema. "Tutachelewa."

"Hatolewi," akajibu yule asiyependa muthokoi.

"Nani amesema?"

Wote wakaninyooshea vidole. Nikasema, "Ni sheria, dada. Aliye ndani hatolewi."

Redio ikafa, betri zimekwisha. Msichana akabaki katikati, anahema, jasho linatiririka. "Sitaki kwenda," akasema. "Mtoto nampenda. Lakini nikienda sitarudi darasani. Wote walioenda hawakurudi. Susu, wewe unawajua. Mimi nataka kufika darasa la nane, nataka na sekondari. Nimemaliza, lakini sitoki."

Mama mdogo alisogea hadi ukingoni mwa duara, akasimama hapo bila kuingia, mtoto ameanza kulia mgongoni. "Na mimi?" akauliza, na sauti ikamkatika. "Mimi nani atanisaidia? Nikikosa kazi tutakula nini?" Lilikuwa swali la haki. Hip-hop haina jibu la hilo.

Ndipo susu alipoweka kyondo chini. Alivua akala zake za tairi, akazipanga vizuri pembeni, akaingia. Watoto wakatazamana. Msichana akampisha, kama sheria inavyosema, akarudi kwenye mstari na wengine.

Susu hakuwa na muziki, akajipigia mwenyewe kwa kisigino. Mabega yakaanza. Wee! Mabega yale yalikuwa na moto! Yalienda mbele, yakarudi, yakatetemeka, kitambaa kikaanguka, nywele nyeupe zikaonekana, na yeye uso umekaza kana kwamba anagombana na askari wa kanjo. Tulipagawa. Mama wa duka alitia vidole mdomoni akapiga mluzi wa mchunga ng'ombe, huyo mtu wa mkutano wa akina mama! Hata mama mdogo alicheka huku machozi yanatoka. Susu alicheza hadi alipotaka kuacha, akaacha, akashika kiuno apate pumzi.

"Nimecheza," akasema. "Sasa mnisikilize. Mtoto analelewa na mtu mzima. Huyu hajamaliza kulelewa, atalea nani? Nitaenda mimi."

"Susu, hapana!" msichana akapiga kelele.

"Aliye ndani hakatizwi." Akamgeukia mama mdogo. "Nimelea nyinyi wote, mmoja zaidi hataniua. Vyondo nitasukia huko." Kisha kwangu. "Na huyu atalala kwa ticha. Si unapenda watoto? Basi umepata." Nikasema ndiyo kabla hata sijamuuliza mama yangu.

Msichana alikuwa anatikisa kichwa, pengo wazi. "Susu, usiende. Mimi sikusema uende wewe."

"Ukitaka kunijibu," Susu akasema taratibu, "ingia ucheze kwanza."

Msichana akaingia. Akasimama mbele ya susu wake. Akainua mikono, ikaanguka. Akajaribu mguu, ukakataa. Mchezaji wangu bora, na hakuweza kuinua hata bega. Hakuna aliyemhimiza. Susu alimngoja, akamngoja, halafu akamvuta kifuani, wakakaa hivyo katikati ya duara, na hatukuvunja mstari mpaka walipotoka wenyewe.

Susu alilifungua begi pale pale juu ya debe. Akatoa gauni la shule na daftari, akanipa mimi. Akaweka leso zake mbili na mkonge wake. Tuliwasindikiza hadi steji sote, mama wa duka akiwa amebeba mtoto. Gari lilipoondoka watoto walilikimbiza wakipiga mayowe na kujirusha sarakasi barabarani, na makondakta wakawatukana, na vumbi likatulia.

Msichana hakukimbia. Alisimama kando yangu akishika gauni.

"Sasa nani atanisuka?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe hujui kusuka, ticha."

"Sijui," nikamwambia. Alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, akanipa kichwa chake, nami nikaanza.